Wamesema kaka yangu ana upinde wa ng'ombe kifuani

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kahama. Nakuandikia kuhusu kaka yangu mwenye miaka 46, dereva wa lori la mizigo. Miezi mitatu iliyopita alikuwa juu ya lori anakaza kamba za turubai kwenye mzigo wa pamba. Akapiga ukelele mmoja tu, akashuka mwenyewe, akakaa chini. Alisema kitu kimemchanika katikati ya mabega, kama mtu anayechana kanga. Jasho lilimtoka mpaka shati likagandana na mwili, na maumivu yakawa yanateremka mgongoni kuelekea kiunoni.

Zahanati tuliyoanzia walisema ni vidonda vya tumbo, wakampa dawa nyeupe ya maji ya kupoza asidi na sindano ya maumivu. Usiku hali ikawa mbaya zaidi, tukakodi gari mpaka hospitali kubwa. Pale tulimkuta nesi, binti mdogo kabisa. Alimpima presha mkono wa kulia, ya juu ikasoma 214. Akanyamaza. Akahamishia mkono wa kushoto, ikasoma 168. Akarudia yote mawili, kisha akatoka mbio kumwita daktari.

Kipimo cha CT, zile picha za mionzi za ndani ya mwili, kikaonyesha kwamba mshipa mkuu wa damu, aota, umechanika kwa ndani kwenye sehemu inayoshuka mgongoni. Alilazwa chumba cha mahututi siku nane, dawa za kushusha presha zikipita mshipani kwa mashine. Hakupasuliwa. Karudi nyumbani na vidonge vya aina nne.

Sasa balaa letu lilipoanzia. Mdogo wetu wa mwisho, aliyeko chuo, aliichukua ile ripoti akaisoma kwa sauti mbele ya wazee. Kuna mahali wameandika kwamba upinde wa aota ya kaka ni wa aina ya ng'ombe. Daktari, ungekuwepo! Mama amempiga marufuku kaka nyama na maziwa. Baba mkubwa naye akakumbusha kwamba babu yetu alipokea ng'ombe 12 wa mahari ya shangazi, ndoa ikavunjika, babu akagoma kuwarudisha. Kwa hiyo ng'ombe wamekuja kudai kifuani mwa mjukuu. Wazee wameshapanga kwenda kwa mganga, na mbuzi wawili wa kutanguliza wapo tayari. Sidharau wazee, ila naona tunahangaika na kitu ambacho hatukijui.

Majirani nao wanasema hospitali ilimtelekeza, haiwezekani mshipa uchanike halafu mtu asifanyiwe upasuaji. Mama ndiyo kabisa hataki kusikia habari za hospitali tangu marehemu baba alipoanguka ghafla shambani mwaka 1998, akiwa na miaka 51, baada ya kulalamikia mgongo asubuhi ile.

Kaka mwenyewe anajisikia vizuri. Tajiri wake anampigia simu na yeye anataka kurudi barabarani mwezi ujao. Wifi amenidokeza kuwa vidonge anaviruka, anasema vinammaliza nguvu za kiume. Na ile CD ya picha tuliyopewa hospitali, watoto wameifunga uzi na kuitundika mlangoni kwa sababu inang'aa.

Je, huo upinde wa ng'ombe ndio ulimchanika? Na sisi ndugu zake tunao? Na kwa nini hawakumpasua?

Dada Mtu, Kahama


MAJIBU

Marahaba, Dada Mtu. Poleni sana, na huyo nesi mfikishieni salamu zangu. Kupima presha mikono yote miwili ni kazi ya dakika mbili, na wengi wetu hatuifanyi.

Nianze na ng'ombe, maana ndiye aliyeziba njia.

Aota hutoka moyoni ikipanda, hupinda juu ya kifua kama mpini wa mwamvuli, kisha hushuka kando ya uti wa mgongo mpaka tumboni. Pale kwenye upinde ndipo yanapochipuka matawi yanayopeleka damu kichwani na mikononi. Kwa kawaida ni matatu. La kwanza ni nene, nalo hugawanyika kwenda mkono wa kulia na upande wa kulia wa kichwa. La pili huenda kichwani upande wa kushoto, na la tatu mkono wa kushoto. Mpangilio huo wanao watu kama 7 au 8 kati ya 10. Waliobaki wameumbwa tofauti kidogo, na tofauti inayoonekana zaidi kuliko zote ni hii ya kaka yako: tawi la kwanza na la pili huanzia kwenye shina moja. Sisi wenye asili ya Afrika tunayo kwa wingi kuliko Wazungu. Katika kikao kile cha ukoo, sitashangaa kama wawili watatu walikuwa nao huo upinde na hawajui, baba mkubwa akiwa mmojawapo.

Jina lenyewe ni kosa la watu wa vitabu. Nenda machinjioni, mwombe mchinjaji akuonyeshe mshipa wa ng'ombe: shina ni moja tu linalotoka kwenye upinde, nalo ndilo linalogawa damu kulia, kushoto na kichwani. Kaka yako ana mashina mawili. Hata ng'ombe mwenyewe angeukataa undugu huo. Madaktari wa zamani walibandika jina, likaganda, na madaktari wa mionzi wanaliandika kwenye ripoti bila kufikiria kwamba kuna siku litasomwa mbele ya wazee. Nyama aliyokatazwa kaka yako haihusiani kabisa na jina hilo. Arudishiwe maziwa yake. Nyama ale kwa kiasi, na akiacha yenye mafuta mengi ni kwa sababu nyingine kabisa.

Je, upinde huo ndio uliochanika? Kwa maelezo yako, hapana. Yeye kachanika sehemu inayoshuka, baada ya hapo matawi yalipoishia. Nisikufiche, wapo watafiti waliokuta kwamba wenye maradhi ya aota ya kifuani wanakuwa na upinde wa aina hii mara nyingi kuliko watu wengine, na hoja yao ni kwamba huenda namna damu inavyozunguka pale inauchosha ukuta wa mshipa. Lakini ukija kwenye swali la nani anapona na nani anakufa baada ya aota kuchanika, tafiti hazijakubaliana kwamba wenye upinde huo wana hali mbaya zaidi. Mimi nauchukulia kama alama kwenye ramani ya mtu. Unajulikana, unaandikwa, maisha yanaendelea.

Kilichomchana kaka yako naona umekitaja mwenyewe: 214. Ukuta wa aota una tabaka tatu. Presha ikipanda miaka na miaka, tabaka la ndani huchoka, na siku moja linapata ufa. Damu inaingia kwenye ufa ule kwa nguvu ya kila pigo la moyo na kulibandua tabaka la ndani kutoka kwenye la kati, inajichimbia njia ya pili ambayo haikuwepo. Ndiyo maana alihisi kitu kinachanika, na ndiyo maana maumivu yalitembea kuelekea kiunoni: mpasuko ulikuwa unasafiri. Mkono wa kushoto ukasoma chini kwa sababu mdomo wa tawi lake ulianza kubanwa. Takribani watatu kati ya wanne wanaopatwa na jambo hili ni watu wa presha. Nitakula kiapo kwamba kaka yako alikuwa nayo kabla, na alikuwa anameza vidonge kichwa kikiuma tu. Kamuulize wifi.

Kuhusu zahanati, sina haraka ya kuwalaumu. Maumivu haya huwapoteza hata wakubwa. Michael DeBakey, mpasuaji wa Marekani aliyegawa aina za mchaniko wa aota katika mafungu tunayoyatumia mpaka leo, alipatwa nao yeye mwenyewe nyumbani kwake mwishoni mwa mwaka 2005, akiwa na miaka 97. Alidhani ni shambulio la moyo. Alifanyiwa upasuaji mwaka uliofuata kwa njia alizochangia kuzianzisha, akaishi mpaka Julai 2008. Sasa kama yeye alikosea, tabibu wa zahanati mwenye foleni ya wagonjwa 40 mlangoni tumwambie nini?

Majirani wanaosema ametelekezwa hawajui kwamba mchaniko huu uko wa namna mbili. Ukigusa sehemu inayopanda, karibu na moyo, ni dharura ya kisu. Bila upasuaji, katika siku mbili za kwanza hesabu ya zamani inayofundishwa vyuoni ni mtu 1 hadi 2 kati ya 100 kufariki kila saa inayopita, kwa sababu damu inaweza kuvujia kwenye mfuko wa moyo na kuubana. Ukiwa kwenye sehemu inayoshuka tu kama wake, na damu ikaendelea kufika kwenye figo, utumbo na miguu, dawa ndiyo tiba ya kwanza duniani kote. Presha ya juu inashushwa hadi kati ya 100 na 120, mapigo ya moyo chini ya 60 kwa dakika, mgonjwa analala kimya na maumivu yanatulizwa. Takribani 9 kati ya 10 wanaotibiwa hivyo hutoka hospitali wazima. Kumpasua bila sababu ndiko kungekuwa kumtelekeza.

Hapa ndipo lile umbile la upinde linapopata kazi. Ikitokea baadaye mshipa wake ukatanuka, anaweza kuwekewa mrija wa kitambaa wenye waya, unaopitishwa kutoka kwenye mshipa wa paja mpaka kifuani ili uzibe ule ufa. Mrija huo unahitaji sentimita 2 hivi za ukuta mzima wa kushikilia. Nafasi ikikosekana, daktari husogea mbele na pengine hufunika mdomo wa tawi la mkono wa kushoto. Akihitaji kusogea zaidi, kwa mtu mwenye matawi matatu bado ana hatua ya katikati. Kwa kaka yako anakutana moja kwa moja na shina linalolisha pande zote mbili za kichwa. Hilo daktari hulijua kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, haligundui akiwa ndani.

Na si yeye tu mwenye ramani yake. Kuna watu, kama 1 kati ya 100, ambao mshipa wa mkono wa kulia hautoki kwenye tawi la kwanza. Unachipuka mwisho kabisa upande wa kushoto, halafu unarudi kulia ukipita, mara nyingi, nyuma ya umio. Wengine hukwama chakula kooni miaka mingi wakitibiwa asidi. David Bayford, daktari wa Uingereza wa karne ya 18, aliliita tatizo hilo la kumeza kwa jina la Kilatini lenye maana ya mchezo wa maumbile, na mimi nalipenda kuliko hilo la ng'ombe. Mtu huyo akihitaji upasuaji wa aota, hila ya kawaida ya kulisha ubongo kupitia mshipa wa bega la kulia wakati moyo umesimamishwa haitafanya kazi, kwa sababu damu ile haitafika kichwani. Wengine wana mshipa wa nyuma ya ubongo unaotoka kwenye upinde wenyewe badala ya kutoka kwenye tawi la mkono wa kushoto. Ukifunikwa kwa bahati mbaya, mtu anaweza kuamka na kiharusi. Maumbile haya hayaui mtu akiwa amekaa barazani kwake. Yanaua pale ambapo hakuna aliyeyaangalia.

Sasa dada, turudi kwenye barua yako. Umeandika sentensi moja kama ya kupita, na ndiyo iliyonifanya niweke kikombe cha chai chini. Baba yenu alianguka ghafla akiwa na miaka 51, baada ya kulalamikia mgongo. Siwezi kusema marehemu alikufa na nini, hakuna aliyempima. Lakini baba ghafla, kisha mtoto wa kiume akiwa na miaka 46: hapo daktari wa moyo haulizwi tena kuhusu ng'ombe. Anaulizwa kuhusu damu yenu.

Kuna udhaifu wa ukuta wa aota unaorithiwa. Kuna watu warefu wembamba wenye mikono na vidole virefu kupita kawaida, ambao tishu zao ni laini tangu kuzaliwa. Na kuna umbile jingine ambalo nalihofia kuliko upinde wote wa ng'ombe: valvu ya mlango wa aota kuwa na vijani (vile vipande vinavyofunguka na kufunga) viwili badala ya vitatu. Mtu 1 au 2 kati ya 100 wanayo, hutembea kwenye familia, na aota ya watu hao huwa na tabia ya kutanuka pole pole. Kwa hiyo mama yenu, ninyi ndugu wa tumbo moja, na watoto wa kaka yako mfanyiwe kipimo cha eko ya moyo. Hakina sindano wala mionzi, ni ile mashine ya jeli inayotumika kwa wajawazito ikielekezwa kifuani. Mwambieni anayepima aangalie upana wa mwanzo wa aota na ahesabu vijani vya valvu. Asipoambiwa anaweza kuutazama moyo tu na kuwaandikia kwamba uko sawa. Hakimalizi kila kitu, matawi ya upinde hakiyaoni vizuri, lakini ndicho cha kuanzia. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam huwa inatuma madaktari mikoani kwa huduma za mkoba. Sikilizeni matangazo yao, mtaokoa nauli. Wale mbuzi wawili, wakiuzwa, naona wanaweza kuanza kulipia vipimo hivyo. Mzee akisisitiza tambiko, mfanye na hilo kwa wakati wake, ila vidonge visisimame hata siku moja.

Nikigusa vidonge. Kati ya hivyo vinne bila shaka kimo cha kupunguza mapigo ya moyo, na hicho ndicho mlinzi wake. Kukikata ghafla hufanya presha na mapigo viruke juu kuliko vilivyokuwa, na ule ufa bado upo. Hilo la nguvu za kiume ni kweli, halimtokei peke yake, na aibu ndiyo inayowaua wanaume wetu hapa. Amwambie daktari wake waziwazi. Ziko dawa za kubadilishana, ziko dozi za kupunguza. Asimeze vile vya kuongeza nguvu vinavyouzwa stendi. Kama wewe huwezi kumwambia, na najua dada kumwambia kaka hilo si rahisi, mtume rafiki yake au shemeji yako mmoja mwenye busara.

Lori bado. Kuendesha kwenyewe kunaweza kurudi kwa ruhusa ya daktari, presha ikiwa chini ya 130 kwa 80 na picha mpya ikionyesha mshipa haujatanuka. Lakini dereva wa mizigo haendeshi tu. Anakaza kamba, anafungua nati za tairi kwa kukanyagia spana, anavuta turubai lililolowa. Kila mara unapobana pumzi na kusukuma hivyo, presha inapaa kwa sekunde kadhaa. Tajiri ampe kazi ya kusimamia upakiaji au ampe utingo wawili. Sigara na vile vinywaji vya makopo vya kukesha aviache. Na jambo ambalo wengi hawalijui: siprofloksasini na ndugu zake, hizo tunazonunua dukani tukisikia UTI au taifodi, mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba wenye aota dhaifu wasipewe isipokuwa hakuna dawa nyingine. Kila duka la dawa atakaloingia, aanze kwa kusema aota yake ilichanika.

Maumivu yale yakirudi, au akizimia, mguu ukiwa wa baridi na ganzi, tumbo likiuma ghafla au mkojo ukakata, msianzie zahanati. Nendeni moja kwa moja kwenye hospitali yenye CT na mtamke jina la ugonjwa mlangoni.

Na kabla hujalala leo, itungue ile CD. Kaka yako atapigwa picha tena, kwa kawaida mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka, na kila picha inasomwa kwa kulinganishwa na ya kwanza. Hiyo ya mlangoni ndiyo ya kwanza, na ndani yake ndimo ilimo ramani ya matawi yake. Ifute vumbi kwa kitambaa laini, uitie kwenye bahasha ya kaki pamoja na ripoti. Ikiwa imeshakwaruzika, rudi kitengo cha mionzi na namba ya faili la kaka yako, uombe nakala nyingine kabla hawajafuta za zamani. Mwezi wa tatu ndiyo huu.